Uani kwa Yustina

Kanisa la Dafrosa lina mtu mmoja, na mtu huyo ni Dafrosa. Sisemi kwa dharau. Kila Jumapili, Wakatoliki wa kigangoni wakipita barabarani na nguo zao za pasi, yeye huwa ameshafagia chini ya kibanda cha nyasi kando ya nyumba yake, ametoa benchi nje, na ameshaanza. Anaanzisha wimbo, anaitikia mwenyewe. Anauliza kama kuna mwenye ushuhuda, anainuka, anatoa ushuhuda, anakaa. Hata matangazo hutangaza, kwamba Jumapili ijayo ibada ni saa nne kama kawaida na watu wasichelewe. Kuku wanamsikiliza. Ukimwona kwa mbali unaweza kucheka, na wengi wetu tulicheka. Lakini ukimtazama mpaka mwisho, pale anapokunja kitambaa cha meza na kulirudisha benchi ndani peke yake, upande mmoja ukiburutika chini, kicheko kinakwama kooni.

Aliokokea Mpanda mjini. Mumewe Deogratias alipofariki, binti yao Jeniffer, ambaye anashona nguo kule sokoni, alimchukua mama yake akakae naye kidogo apumzishe moyo. Karibu na chumba cha Jeniffer kulikuwa na kanisa la mabati, na mchungaji wake, kijana mmoja aitwaye Simon mwenye sauti kubwa kuliko mwili, alihubiri siku moja habari za yule mwanamke Msamaria aliyekutana na Bwana kisimani. Dafrosa alikuwa mjane, mgeni wa mji, na usingizi ulikuwa umemkimbia. Aliposikia kwamba kuna maji ambayo mtu akiyanywa haoni kiu tena, alisimama kabla hajaitwa, akaenda mbele analia. Kuanzia siku hiyo akalala. Mimi mambo ya roho sijui sana, lakini mtu aliyekesha miezi mizima kisha akalala, hilo si jambo la kulibeza.

Alipokuwa anarudi kwetu huku Mpimbwe, nje kidogo ya Majimoto, Mchungaji Simon alimwekea mikono kichwani akamwambia, "Mama, wewe ndiye kanisa la kule. Anza na walio karibu." Akampa na masharti yake: asipike pombe, asinywe, asiketi mahali inaponywewa. Sasa, Dafrosa ni mtu wa kutii. Alimtii baba yake kule Litapunga alipoambiwa aolewe mbali, akamtii mumewe, na daktari akimwandikia dawa hapunguzi kidonge wala haongezi. Masharti ya mchungaji aliyabeba hivyo hivyo, mazima mazima. Bahati mbaya ulimi wake haukuokoka siku moja na yeye. Ulibaki nyuma Mpanda; labda unakuja kwa miguu.

Aliye karibu alikuwa Yustina. Yustina ni dada wa marehemu Deogratias, na nyumba yake iko ng'ambo ya kishamba cha mihogo, mtu akikohoa huku anaambiwa pole kule. Dafrosa alipoletwa hapa bibi arusi, hajui neno hata moja la Kipimbwe, ni Yustina aliyemshika mkono akamwonyesha kisima, njia ya kigangoni, na jinsi ya kuishi na mama mkwe. Walilima pamoja, wakauguza watoto pamoja, na pombe yao ya ulezi watu walitoka Usevya kuifuata. Msiba ulipoingia, wao wawili ndio waliolala mkeka mmoja, huyu kafiwa na mume, yule kafiwa na kaka. Watu wa matanga walipotawanyika Yustina alibaki. Alibaki mpaka Jeniffer alipokuja kumchukua mama yake.

Kwa hiyo Dafrosa aliporudi na wokovu wake, hofu yake ilikuwa moja tu, nayo ilimkaba kutwa kucha. Aliogopa kwamba siku moja atafika mbinguni, atageuka huku na huku kumtafuta wifi yake, na Yustina hayupo.

Ndipo alipoanza kumwandama. Akimkuta kisimani, anamwambia habari za Msamaria, maana ndilo hubiri pekee alilolishika kichwani. Akimkuta anapembua maharage, Msamaria. Tena alikuwa na haraka; alikimbilia pale penye maji ya uzima, kisha pale mwanamke anapoacha mtungi wake na kukimbia kuuita mji mzima. Yustina alimsikiliza huku mikono yake inafanya kazi.

"Wifi," akasema siku moja, "mimi nimebatizwa hujazaliwa."

"Ubatizo ni jambo moja na kuokoka ni jingine."

"Haya. Tumsifu Yesu Kristu."

"Bwana asifiwe."

Ikawa ndiyo salamu yao. Huyu hakubali kuitikia "Milele, amina," na yule hakubali kuitikia "Amina" peke yake. Wanamsifu Bwana mmoja, na hakuna anayemjibu mwenzake.

Sasa inabidi nieleze jambo la mpunga, maana ndiko mambo yalikoharibikia. Kwetu mpunga hauvunwi na mtu mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenye shamba anapika pombe, anaalika, majirani wanakuja na mundu asubuhi mapema, na jua likishageuka kazi imekwisha. Kisha wote wanakwenda uani kwake, wanakaa chini, na mwenye shamba anampa kila mtu kwa mkono wake mwenyewe. Huko ndiko tunaita kufunga kazi. Mtoto aliyefukuza ndege naye hupewa kitu, japo kiazi. Mtu akifanya kazi halafu asipokee chochote mkononi mwa mwenye shamba, kazi yake imebaki wazi, na wakubwa wanasema mpunga wenye kazi iliyo wazi haukai ghalani kwa amani. Unaweza kusema ni ushirikina. Dafrosa alisema hivyo, tena kwa sauti.

Mavuno yake ya kwanza baada ya kuokoka, watu walikuja. Walijua hapiki pombe tena, wakaja hivyo hivyo kwa heshima ya marehemu, na kusema kweli aliwapikia ubwabwa mwingi na maharage yenye nazi ambayo Jeniffer aliituma kutoka mjini. Wakavuna majaruba yote. Wakaja uani, wakakaa, migongo inauma, wanasubiri sahani. Dafrosa akaona: hawa hapa, wote, wamekaa kimya, mji mzima umeitika! Akasimama na kuanza kuhubiri. Alihubiri ubwabwa ukapoa. Alitaja pombe akaiita matapishi ya shetani, akataja walevi kwa majina, na Bartolomeo, mume wa Yustina, ambaye siku hiyo ndiye aliyefanya kazi kuliko wote, akatajwa mara mbili. Watu walikula wakiangalia chini. Hakuna aliyeokoka.

Mwaka uliofuata alialika tena, akapika tena, akaingia shambani kabla jua halijachomoza. Alivuna peke yake mpaka jua likawa utosini, kila mara anainuka kutazama njia. Alikuja Yustina tu, na mundu wake, wakavuna wawili mpaka jioni. Lakini shamba lile si la watu wawili. Kesho yake Yustina alikuwa na mgonjwa nyumbani, na Dafrosa akaendelea mwenyewe siku baada ya siku, akipiga kopo lenye mawe kwa mkono mmoja kufukuza ndege na kukata kwa mkono mwingine. Ndege walikula sehemu yao na wakaongeza. Ule ubwabwa wa watu waliokosa kuja aliula mpaka ukachacha, na ulipochacha akawapa kuku.

Mtandao wetu unapatikana juu ya kichuguu kimoja karibu na njia ya mto. Dafrosa alipanda huko, akampigia Jeniffer.

"Mama," Jeniffer akasema, "si uwapikie tu hiyo pombe yao? Wewe usinywe. Mungu ataelewa."

"Mungu anaelewa. Ndiyo maana alikataza."

"Basi hama huko, uje ukae na mimi."

"Nikija huko, kanisa la huku nimwachie nani?"

Dafrosa alibaki juu ya kichuguu amekaa hata baada ya simu kukatika, anaangalia moshi wa majiko ya watu. Katika nyumba zote zile, hakukuwa na hata moja ambayo angeingia bila kuvunja mazungumzo. Alilijua hilo, na liliuma. Wokovu ulimpa usingizi lakini ulimnyang'anya watu wa kuamka nao, na hakuna siku aliyopata ujasiri wa kumwambia Mungu hivyo kwa maneno.

Mwaka huu mvua zilipokuwa zinaishia, Mchungaji Simon alikuja kwa pikipiki, matope mpaka magotini. Dafrosa alimchinjia jogoo. Baada ya kula mchungaji akauliza, kwa upole, "Roho ngapi, mama?"

"Hata moja, mtumishi."

Kijana yule alitazama benchi, akatazama kibanda kilichofagiliwa vizuri. Nadhani naye moyo ulimwingia baridi. "Labda maneno yametosha," akasema. "Sasa watumikie. Nenda kwenye mashamba yao, fanya kazi yao, usidai kitu. Waone matendo."

"Na wakikaa kunywa?"

Wingu lilikuwa limeshafunga upande wa Majimoto, na yeye alikuwa anavaa kofia ya pikipiki kwa haraka. "Yale ya mwanzo hayajabadilika, mama."

Dafrosa akatii. Msimu huu hakualika mtu. Aliacha mpunga wake unasimama, akaenda kwenye mialiko ya wenzake yote, hata ambako hakuitwa. Anafika wa kwanza, anashika safu yake, anakata chini, anafunga vizuri, hapigi soga wala hapumziki. Wanaume walimwonea haya. Lakini kazi ikiisha na mitungi ikitolewa, alinawa miguu, akajitwika kapu lake, akasema, "Mungu awabariki. Okokeni." Na huyo, ameondoka.

Alidhani anapanda mbegu. Kumbe kila alikopita aliacha watu roho juu. "Kazi ya Mama Jeni imebaki wazi kwangu," mmoja akasema, na mwingine akasema kwake pia, na watu wakaanza kuhesabu magunia yao kwa wasiwasi. Mwenye shamba mmoja alimkimbilia njiani na muhogo wa kuchemsha mkononi, akamwomba apokee tu. Dafrosa akauona ule muhogo umetoka penye pombe, akaukataa. Wenye maneno makali wakasema anatudharau, anatufanyia kazi kama anayewapa mbwa mfupa, hata hataki kungoja tuugugune. Bartolomeo, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, alisema hajawahi kuona mtu anayeiba kwa kufanya kazi.

Yustina alikuwa na mashamba mawili, moja bondeni na jingine kando ya mto. Alialika bondeni, Dafrosa akaja, akavuna, akanawa miguu, akaondoka. Yustina alikuwa ameweka kigoda karibu na mlango wa jiko, mbali na mitungi, na alikiangalia kile kigoda kitupu mpaka Bartolomeo alipomuuliza kama kina nyoka. Alialika kando ya mto, ikawa vile vile. Kigoda kile kile, mahali pale pale, na Dafrosa alikipita kapu kichwani kama anakipita kisiki.

Kazi ya mwisho ilikuwa ya kupiga na kupepeta. Turubai lilitandazwa uani kwa Yustina, wanaume wakapiga miganda kwenye gogo, wanawake wakapepeta. Dafrosa alikuja na ungo wake. Upepo wa kipupwe ulikuwa mzuri, makapi yanaruka yenyewe, na kwa muda, wakiwa wamesimama bega kwa bega wanapepeta, yeye na Yustina mikono yao ikaingia kwenye mwendo mmoja kama zamani. Dafrosa aliusikia mwendo ule mwilini. Alitamani kazi isiishe. Hata mdomo ulikuwa umeshafunguka amwambie wifi yake kitu, kitu cha kawaida, labda jinsi Deogratias alivyokuwa akipiga chafya makapi yakimwingia puani, lakini alipofungua alijisikia anasema, "Wifi, ukifa leo utakwenda wapi?"

Yustina aliendelea kupepeta. "Nitakwenda kaburini, wifi. Kama kaka yangu."

Mpunga ukaingia kwenye magunia. Mitungi ikatolewa. Watu wakakaa kivulini, na Dafrosa akaenda kwenye ndoo kunawa miguu. Alipoinuka, Yustina alikuwa amesimama mbele yake na kata mkononi.

"Wifi, kaa."

"Wifi, unajua siwezi."

"Sijasema unywe. Nimesema kaa."

"Nimekatazwa. Unataka nimwasi Mungu kwa ajili ya kigoda?"

Yustina si mtu wa kupaza sauti, na hakuipaza. "Basi nisikilize vizuri. Nyie wote ni mashahidi. Leo ukitoka hapa kazi yako iko wazi, usikanyage tena shambani kwangu. Wala hapa uani. Kila mtu na kwake."

Dafrosa alisimama, maji yanamchuruzika miguuni. Alijua anachopoteza. Katika dunia nzima, ukimtoa Jeniffer, alikuwa amebaki na mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyesimama mbele yake. Moyo ulimwambia kaa. Lakini yeye alikuwa ameshamwahidi Mungu, na ahadi kwake haikuwa kitu cha kuchagua siku. Akasema, "Nakupenda, wifi. Lakini Bwana kwanza." Kisha, kwa mazoea tu, kama mtu mwingine anavyosema kwaheri, akaongeza, "Okoka."

Akaondoka.

Nyumbani hakupika. Alipiga magoti amwombee Yustina, kama alivyomwombea kila jioni tangu arudi, na hakupata hata neno la kuanzia. Alilia tu. Alimuuliza Mungu kama hivi ndivyo alivyotaka, na akangoja jibu, na nje kwa jirani watu waliimba.

Kesho yake alizunguka nyumba asubuhi nzima bila kazi. Mpunga wake mwenyewe ulikuwa umeiva mpaka unaanza kulala, na hakuutazama. Mchana akakumbuka kwamba ungo wake umebaki uani kwa Yustina. Ungo ni ungo, angeweza kuazima mwingine au kungoja. Lakini alishika ule ungo kama sababu, akajifunga kanga, akavuka kishamba cha mihogo.

Ua ulikuwa mtupu. Mitungi ilikuwa imelazwa ubavu ikauke. Bartolomeo alikuwa amepeleka magunia mashineni. Yustina alikuwa anafagia makapi, na alipomwona hakuacha kufagia.

"Hodi, wifi. Nimefuata ungo."

"Uko pale ukutani."

Dafrosa aliuchukua. Alikuwa ameshageuka kuondoka, maana amekatazwa kukanyaga na yeye ni mtu wa kutii, ndipo Yustina alipotupa ufagio chini. Akaingia jikoni, akatoka na kibuyu kidogo kilichozibwa kwa jani la mgomba, akamwekea mikononi juu ya ungo.

"Nusa."

Dafrosa alifungua jani. Harufu ilimpanda puani mara moja. Hakuhitaji kuonja, amepika kitu hicho nusu ya maisha yake. "Ni pombe hii."

"Leo ni pombe. Jana ilikuwa togwa."

Togwa, ile tamu isiyolevya, inayonyweshwa hata watoto na wagonjwa. Dafrosa alimtazama bila kuelewa.

"Kila nilipoalika, nilikupikia ya kwako," Yustina akasema. "Pembeni, kwenye chungu kingine, siku moja kabla, ili uikute bado tamu. Nikaificha nyuma ya kuni Bartolomeo asiione. Nikakuwekea kigoda huku jikoni, mbali na mitungi yao. Nikasema, leo atakaa. Ukaondoka. Nikasema, pengine anaona aibu, atarudi watu wakitawanyika. Nikakaa nayo mpaka giza. Asubuhi imechacha, Bartolomeo anaikuta anashukuru. Bondeni ikachacha. Mtoni ikachacha. Na hiyo hapo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikutangazie kama kwenye mnada? Mtu anakaa, wifi. Anakaa kwanza, ndipo anaona alichowekewa." Sasa alikuwa analia, na kwa kuwa hapendi kuonekana analia, alikasirika zaidi. "Kutwa unaniita niende mbinguni. Mbinguni, mbinguni. Huko mbinguni tutakaaje mimi na wewe, kama hapa chini huwezi kukaa na mimi?"

Akaingia ndani na kurudisha mlango.

Dafrosa alibaki amesimama na ungo, na juu ya ungo kibuyu. Kuinywa hakuweza, hilo halikuwa na mjadala, na hata Yustina hakumwomba. Kuimwaga pia hakuweza. Kwenda nyumbani, miguu haikukubali. Kigoda kilikuwa bado pale karibu na mlango wa jiko, hakuna aliyekiondoa. Akakaa.

Alikaa na kibuyu cha pombe mapajani, mtu aliyeokoka, mchana kweupe, karibu na njia. Kama Mchungaji Simon angetokea na pikipiki yake saa ile, Dafrosa asingejua amwambie nini. Hakujua kama amevunja sharti au ndiyo kwanza ameanza kulishika. Kuku wa Yustina walikuja wakadonoa punje zilizobaki karibu na vidole vyake. Jua likasogea, kivuli cha jiko kikamfika magotini. Watu wawili walipita njiani, wakamwona, wakapunguza mwendo, wakaenda zao. Alitamani kuita na hakujua aite kwa neno gani, maana maneno yake yote alikuwa ameshayatumia kwenye mlango huu.

Akawaza lile hubiri lake moja. Alilianza kichwani kwa mazoea, kwenye maji ya uzima, kisha akasita. Haianzii pale. Amelisimulia miaka yote hii, kisimani, shambani, mbele ya benchi tupu, na kila mara aliruka mwanzo kwa haraka ya kufika kunakookoa. Mwanzo wake Bwana amechoka na safari. Amekaa chini, mahali ambapo watu wake hawakai, na kabla hajampa yule mwanamke kitu chochote, kabla hajamwambia habari za dhambi wala za mbingu, anamwomba maji.

Koo lilikuwa limemkauka. Alikuwa hajanywa kitu tangu jana.

"Wifi," akaita. Sauti ilitoka ndogo. Akajaribu tena. "Wifi Yustina. Nina kiu. Nipe maji."

Akangoja mpaka akainamisha kichwa. Kisha akasikia kitanda kinalia, nyayo zinavuka sakafu, na kata inagonga ukingo wa mtungi.